Paredi au gazeti la ukutani?

Klabu yetu ya habari imegawanyika, wengine wataka tusome habari paredi, wengine wataka gazeti la ukutani, mie nishafanya zote mbili basi nina la kusema.

Paredi ni Jumatatu na Ijumaa, bendera ikishapanda wapewa dakika zako, shule nzima yakusikia kwa mpigo hata wale wasiopenda kusoma. Lakini jua la Mombasa mwalijua, na watoto wa Likoni feri ikichelewa wafika habari ishapita, na maiki yetu wallahi yakwaruza kama paka juu ya mabati.

Gazeti ni manila moja, maka peni na gundi tu. Siku tulipobandika tarehe za drama kando ya kantini watu walisoma huku watafuna viazi karai, vidole vyenye ukwaju vikaacha alama mpaka kwenye kichwa cha habari, hapo nikajua imesomwa kweli. Na ukikosea jina la mtu unalirekebisha kwa kalamu, paredi likishatoka mdomoni ndo basi tena.

Ubaya wake mvua za Mei, manila yalowa chapachapa.

Mie niko na gazeti, paredi tuweke ya dharura tu, kama mechi ikiahirishwa.