Mwenyekiti wa kuagiza na mwenyekiti wa kutumia: mfumo wa kidijiti kwenye AMCOS za kahawa Moshi

Moshi ni mji wa ushirika. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, ilianzishwa 1933 na Chuo Kikuu cha Ushirika kiko hapa hapa. AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, inapotakiwa kuacha daftari na kuingia kwenye mfumo wa kompyuta, mengi hutegemea mwenyekiti wa bodi, naye huwa wa aina mbili.

Mwenyekiti wa kwanza anaagiza. Kompyuta zinanunuliwa, karani anapelekwa semina, basi. Ni njia ya haraka, na mbele ya wakaguzi inapendeza. Tatizo ni kwamba yeye mwenyewe bado anadai daftari. Karani anaandika kila kilo ya kahawa mara mbili, na foleni ya mizani ikirefuka, kompyuta ndiyo inayoachwa.

Wa pili anasoma ripoti kwenye mfumo, na katika mkutano mkuu hapokei hesabu isiyotoka humo. Huchelewa kuanza, maana wazee watauliza nani anaweza kubadilisha kilo zao (swali zuri kuliko mengi ya semina). Ila mkulima akipata ujumbe wa simu papo hapo mizanini, ubishi wa malipo unapungua.

Ningemchagua wa pili. Msimu ukiwa umeshaanza, hata yeye asubiri mavuno yaishe.