Baruti ya Varget katika risasi za .308 Winchester: uzoefu wangu

Ninajaza risasi zangu mwenyewe kwa ajili ya kulenga shabaha, na bunduki ninayoitumia zaidi ni ya komeo (inayofunguliwa na kufungwa kwa mkono), yenye chemba ya saizi ya risasi iitwayo .308 Winchester. Kwa misimu kadhaa sasa baruti ninayoitegemea ni Varget ya kampuni ya Hodgdon. Ninaandika maoni haya kwa sababu wengi wanaoanza kazi hii huuliza kwanza ni baruti gani itakayorusha risasi kwa kasi kubwa kuliko zote, ilhali mimi naona swali linalostahili kutangulia ni baruti gani itakayotoa kasi ileile leo na mwezi ujao, hali ya joto ikipanda au ikishuka.

Baruti isiyo na moshi huchaguliwa kwanza kwa kasi yake ya kuungua. Ile inayoungua upesi hufikisha shinikizo lake la juu kabla kichwa cha risasi hakijasogea mbali, kwa hiyo hufaa ganda dogo na kichwa chepesi. Ile inayoungua polepole huendelea kuzalisha gesi wakati kichwa kinasafiri ndani ya mtutu, nayo hufaa ganda kubwa na kichwa kizito. Ganda la .308 Winchester, lililoingia sokoni mwaka 1952, liko katikati ya mizani hiyo. Varget nayo iko katikati, jirani na baruti kama IMR 4064, Reloder 15 na N140 ya Vihtavuori, na hata risasi ndogo ya .223 Remington inapobeba vichwa vizito vya greni 69 au 77 (greni ni kizio kidogo cha uzito) huitumia vizuri. Mwenye bunduki ya 6.5 Creedmoor atasogea upande wa polepole hadi H4350, na mwenye .300 Winchester Magnum atasogea zaidi hadi H1000 au jamaa zake.

Hapa lazima nitoe onyo ambalo silichoki kulirudia. Jedwali la kasi ya kuungua huonyesha mpangilio tu. Halisemi pengo kati ya baruti moja na inayofuata ni kubwa kiasi gani, na pengo hilo hubadilika kufuatana na ukubwa wa ganda na uzito wa kichwa. Kwa hiyo baruti mbili zilizokaa mstari mmoja juu ya mwingine hazibadilishani vipimo, yaani kiasi cha baruti kwa ganda, hata kidogo. Hata namba zinazofanana hazina maana hiyo: H4350 na IMR 4350 ni baruti mbili tofauti, sawa na H4895 na IMR 4895, na kila moja ina kurasa zake katika kitabu cha vipimo. Anayechukua kiasi cha moja na kukimimina kwa nyingine anafanya jaribio ambalo hakuna maabara iliyolithibitisha, tena anaufanya uso wake uwe karibu kabisa na jaribio hilo.

Jambo la pili lililonivutia kwa Varget ni jinsi inavyolijaza ganda. Katika .308 yenye kichwa cha greni 168 au 175, vipimo vilivyochapishwa huacha nafasi ndogo tu ya hewa. Faida yake ni mbili. Baruti haitembei sana ndani ya ganda, hivyo moto wa fataki, yaani kiwashio kilicho kitakoni mwa ganda, huikuta karibu mahali palepale kila mara, na kasi hutofautiana kidogo kati ya risasi moja na nyingine. Faida kubwa zaidi ni ya usalama: ukijisahau ukamimina mara mbili, baruti itamwagika mezani na utaliona kosa papo hapo. Baruti ya bastola iliyoingia katika ganda la raifoli haitoi onyo hilo, kwa maana kiasi chake kidogo huacha ganda karibu tupu na mara mbili yake huingia bila dalili yoyote.

Lakini sababu hasa ya kubaki nayo ni joto. Baruti yoyote ikiwa ya moto huungua kwa nguvu zaidi, na risasi iliyoachwa juani au kusubiri ndani ya chemba iliyokwisha kupata moto itatoa shinikizo kubwa kuliko ilivyotoa asubuhi yenye ubaridi. Tofauti kati ya baruti na baruti ni ukubwa wa badiliko hilo. Varget imo katika jamii ambayo Hodgdon huiita Extreme, ambayo hutengenezwa Australia, na huko yenyewe huuzwa kwa jina la AR2208. Jamii hiyo ilibuniwa mahsusi ili joto na baridi viathiri kasi kwa kiasi kidogo. Ninapiga juu ya kronografu, chombo cha kupima kasi ya risasi, kila ninapokwenda uwanjani na ninaandika kasi pamoja na hali ya hewa, na daftari langu linaonyesha kwamba kipimo nilichokipata katika siku za baridi kimebaki na tabia ileile siku za jua kali: kasi hupanda kidogo, lakini mahali matundu yanapoangukia kwenye shabaha ya mita 300 hapabadiliki kiasi cha kunilazimisha kurekebisha darubini.

Nililinganisha na baruti ya punje za mviringo, yenye kasi ya kuungua iliyo karibu, ambayo niliitumia kabla yake. Ile ilimiminika kama maji na ilitoa kasi kubwa zaidi, jambo ambalo siwezi kulikana. Ila kipimo kilichokuwa kitulivu wakati wa baridi kilianza kubapaza fataki na kufanya komeo liwe zito kufunguka, dalili za shinikizo kubwa mno, jua lilipokuwa kali. Kikomo cha shinikizo ambacho SAAMI, taasisi ya Marekani ya viwango vya bunduki na risasi, imekiweka kwa .308 Winchester ni psi 62,000 (pauni kwa inchi ya mraba), na mjazaji wa kawaida hana chombo cha kulipima. Fataki iliyobapa na komeo zito si kipimo. Ni habari inayofika ikiwa imechelewa. Mtu aliyechagua baruti isiyoyumba na joto amejiwekea nafasi ya usalama kabla hajagusa mizani.

Upande wa udhaifu, punje za Varget ni vijiti vidogo vilivyokatwa, si vitufe, na kama ilivyo kwa baruti zote za namna hiyo, hukwama kidogo chini ya kisu cha chombo cha kumiminia na kukifanya kiasi kipungue au kizidi. Kwa risasi za mazoezi ya karibu tofauti hiyo huvumilika, ila kwa mita 300 na zaidi mimi humimina pungufu kidogo, kisha humalizia punje chache chache juu ya mizani. Greni moja ni gramu 0.0648 tu, kwa hiyo mizani ya umeme inapaswa kuwashwa mapema ili itulie na kuhakikiwa kwa uzito wa majaribio mara kwa mara, mbali na feni na upepo wa dirishani. Pia huliwa haraka. Pauni moja ina greni 7,000, na kwa kuwa .308 hutumia zaidi ya greni 40 kwa ganda, pauni hiyo haifikishi risasi 175.

Wapo watakaohudumiwa vizuri zaidi na baruti nyingine. Anayejaza risasi nyingi kwa mashine na kutaka mmiminiko usiokatika aitazame CFE 223, yenye punje za mviringo na kiambato kinachopunguza shaba inayoganda ndani ya mtutu. Anayetaka risasi laini kwa ajili ya mwanafunzi wa shabaha asiyezoea teke la bunduki aichague H4895, kwa sababu Hodgdon wenyewe wanaruhusu kushuka hadi asilimia 60 ya kiwango cha juu kilichochapishwa kwa baruti hiyo katika raifoli. Ruhusa hiyo isihamishiwe kwa baruti nyingine. Baruti za polepole zikipunguzwa sana katika ganda kubwa huweza kuwaka ovyo na kupandisha shinikizo ghafla, ingawa akili ya kawaida ingedhani kwamba baruti kidogo daima ni salama zaidi.

Kuhusu kutafuta kipimo, sitataja kiasi ninachotumia, na ninamsihi kila msomaji asikichukue kutoka kwa mtu yeyote asiyeijua chemba ya bunduki ya msomaji huyo. Fungua kitabu cha vipimo cha sasa, tafuta ukurasa wa kichwa chenyewe unachotumia, linganisha na vipimo vya mtengenezaji wa baruti, kisha anza chini, yaani karibu asilimia 10 chini ya kiwango cha juu iwapo kiwango cha kuanzia hakikutajwa. Panda kwa hatua ndogo huku ukitazama kasi na hali ya maganda. Ukibadilisha kitu kimoja, rudi chini uanze upya. Ganda la kijeshi mara nyingi huwa nene kuliko la kiraia, hivyo ndani yake mna nafasi ndogo na shinikizo hupanda kwa kiasi kilekile cha baruti; fataki za magnum nazo huongeza ukali wa kuwasha. Mimi husimama pale matundu yanapokaribiana na kasi kutulia, hata kama ukurasa unaruhusu kuendelea, kwa sababu mita chache za kasi kwa sekunde hazijawahi kuniletea alama zaidi kwenye shabaha.

Mezani huweka chombo kimoja tu cha baruti kwa wakati mmoja, na kinachobaki katika chombo cha kumiminia hurudi kwenye chombo chake cha asili kabla sijanyanyuka. Chombo hicho hakikai karibu na jiko wala ndani ya gari lililoegeshwa juani. Baruti iliyoharibika hutoa harufu kali ya asidi, na wakati mwingine vumbi au mvuke wa rangi ya kahawia nyekundu. Ukiiona hali hiyo usiijaribu hata kidogo, bali iteketeze kwa utaratibu unaoelekezwa na mtengenezaji na sheria za mahali ulipo.

Jambo la mwisho ninalolifuata kwa Varget, kama ningelifuata kwa baruti yoyote, ni namba ya toleo iliyopigwa kwenye chombo. Matoleo mawili ya baruti ileile huweza kutofautiana kidogo, basi ninapokaribia kwisha hununua vyombo vya toleo moja pamoja, huiandika namba yake daftarini kando ya kipimo, na ninapofungua toleo jipya hushuka kidogo na kupanda tena nikiwa na kronografu mbele yangu.