Selenium ndani ya Django: uzoefu wangu, na hasira bado ninazo

Atakayeniambia tena "ongeza wait", yaani iambie testi isubiri ukurasa, tutagombana, nasema mapema.

Natengeneza mfumo wa saccos moja hapa Dar, wanachama na mikopo yao, uko kwenye Django, fremuweki ya Python ya kujengea mifumo ya wavuti. Fomu ya usajili ina kile kitu mnachokijua wote, unachagua mkoa halafu JavaScript inaenda kuleta wilaya za mkoa huo. Hicho huwezi kukipima kwa testi za kawaida za Django (programu ndogo zinazokagua mfumo) kwa sababu ile client yake, brauza bandia ya testi, haiendeshi JavaScript, inaomba ukurasa, inapewa HTML, basi. Inatakiwa brauza ya kweli inayobofya. Ndio nikaleta Selenium, chombo cha kuendesha brauza ya kweli kwa programu.

Na kuiingiza siku hizi, niseme haki, hakuna kazi. Zile enzi Chrome inajisasisha usiku, asubuhi ChromeDriver (draiva, daraja kati ya Selenium na Chrome) haielewani nayo na wewe unazunguka mitandaoni kutafuta toleo linalolingana, zimeisha, tangu Selenium 4.6 draiva inatafutwa na kushushwa yenyewe. Unaandika klasi yako, unairithisha StaticLiveServerTestCase (siyo LiveServerTestCase tupu, ukichukua hiyo na hujafanya collectstatic, ile amri ya kukusanya mafaili hayo sehemu moja, CSS na JavaScript haziji kabisa), Django inawasha seva kwenye thredi ya pembeni, Selenium inafungua Chrome, inaingia. Siku ya kwanza nilipoona Chrome inajijazia fomu yenyewe, jina, namba ya simu, mkoa Dodoma, wilaya Kongwa, Hifadhi, nilimwita mke wangu aje aone. Ningeandika siku ile ningetoa nyota zote tano na ya juu yake.

Halafu nikaandika testi ya pili.

Ya pili ilikuwa ya mwanachama kuhama makazi. Fomu ileile, mkoa uleule. NoSuchElementException, Dodoma haimo kwenye orodha. Naiendesha peke yake, inapita. Naiendesha pamoja na mwenzake, inakufa. Nikageuza mpangilio, ikafa ile iliyokuwa nzima! Yaani inayotangulia inapona, zinazofuata zote chali, na huku ukiingia kwa mkono wako kwenye brauza Dodoma unaiona hii hapa imekaa.

Sasa erori ikishasema kitu hakionekani kwenye ukurasa, kila unayemuuliza ana jibu moja, ukurasa haujamaliza kufunguka, subiri. Haya. Nikaweka WebDriverWait, ikasubiri kwa adabu zote, ikafa. Nikaweka time.sleep, ikalala, ikaamka, ikafa.

Wakati huohuo wateja wakawa wameleta kampuni ya kukagua ubora wa mfumo, jina naliacha. Tuko kwenye kikao cha video, nimeshea skrini, testi ziko nyekundu, mkaguzi wao anasema, "Mdogo wangu, testi zako hazina subira. Hili ni somo la wiki ya kwanza." Mbele ya mama mwenyekiti, ambaye Selenium hajui kama ni dawa au mboga. Mama wa watu akauliza kwa upole, "Kwa hiyo mwanangu, mfumo wetu haufanyi kazi?" Nikamwambia unafanya mama, testi ndizo zinasumbua. Yule bwana akacheka. Akacheka jamani, maikrofoni iko wazi! Hajafungua hata faili moja, hajauliza databesi ikoje, na kwenye ripoti akaandika hivyohivyo, testi hazina subira, invoisi ikaenda saccos, ikalipwa kwa hela za mama lishe na bodaboda.

Subira my foot, kama wanavyosema watoto wa mjini. Sikilizeni kinachotokea. TestCase ya kawaida ya Django inafanya kazi ndani ya transaksheni, ikiisha kila kitu kinarudishwa nyuma, databesi inabaki kama ilivyokuwa. Lakini Selenium inapita kwenye seva iliyo kwenye thredi nyingine, yenye koneksheni yake ya databesi, na mambo ambayo hayajakomitiwa (hayajahifadhiwa rasmi) upande huu, upande ule hauyaoni. Kwa hiyo testi za live server hazitumii njia hiyo, zinarithi TransactionTestCase, zinaandika kweli kweli, na kila moja ikimaliza inafagia majedwali. Yote. Pamoja na mikoa yangu 31 niliyoiingiza kwa maigresheni, zile hati za Django za kuandaa databesi! Na maigresheni zinaendeshwa mara moja tu mwanzoni, kwa hiyo testi ya kwanza inakuta mikoa ipo, ikitoka imezoa, ya pili inafungua orodha haina hata mkoa mmoja. Hapo utasubiri mpaka Idi na Krismasi, Dodoma haiji.

Dawa yake ni mstari mmoja, serialized_rollback = True, unaoirudisha data hiyo kwa kila testi. Ndiyo, imeandikwa kwenye nyaraka za Django, usinikimbilie, najua, na wamesema kabisa kwamba testi zitakuwa polepole karibu mara tatu. Ila iko kwingine kabisa, siyo pale kwenye mfano wa Selenium ambao kila mtu anaukopi, na mfano wenyewe unatumia fixture, mafaili ya data ya kupimia, ambazo zinapakiwa upya kila testi, kwa hiyo shimo hulioni mpaka uko ndani. Fagia, sawa, lakini si useme basi? Mstari mmoja tu kwenye skrini, "nimefuta na data ya maigresheni", ungepungukiwa nini?

Jamaa yangu akaniambia achana na Selenium, hamia Playwright, mshindani wake, ile inasubiri yenyewe kabla ya kubofya. Nimeijaribu, ni tamu kweli. Lakini ukitumia ile API yake ya sync, ndani yake kuna event loop (mzunguko wa kuendesha kazi za async) inazunguka, Django ikiigundua inagoma kugusa databesi, inakurushia SynchronousOnlyOperation mpaka uwashe DJANGO_ALLOW_ASYNC_UNSAFE, swichi ya kuuzima ulinzi huo, na hapo lazima roho isite kidogo. Na majedwali je? Yanafagiwa vilevile, maana mfagiaji ni Django! Kwa hiyo nyota nilizomnyang'anya Selenium namrudishia. Django nilitaka nimpe moja. Namuachia tatu, kwa sababu sababu yake ya kufagia ina mantiki, na hilo ndilo linaniudhi zaidi.

Halafu mikoa iliporudi, ile testi ya pili ikafeli tena, safari hii kwa haki. Ukimhamisha mwanachama kutoka Mwanza kwenda Dodoma, wilaya ya zamani inabaki, anahifadhiwa mtu wa Dodoma, wilaya Ilemela. Bagi halisi, na mkaguzi hakuiona, alikuwa anafundisha subira.

Nimeshairekebisha. Nimemwandikia mama mwenyekiti ripoti ya ukurasa mmoja, Kiswahili kitupu, na nimeomba kikao kingine cha video. Nimesisitiza yule bwana awepo.