Mpiga dramu: wa mtaani au wa darasani?

Bendi ikitafuta mpiga dramu Mombasa, ubishi ni uleule: achukuliwe aliyejifunza mwenyewe au aliyesomea?

Kwa gharama, wa mtaani anashinda mapema. Kajifunzia kanisani, au nyuma ya bendi ya hoteli akingoja mwenye dramu aende kula. Wa darasani hulipia kila kipindi. Chuo cha muziki cha DCMA (Dhow Countries Music Academy) kule Zanzibar, kilichoanza 2002, hufundisha hata taarab na ngoma za pwani, lakini hiyo ni safari.

Penye utamu ni sikio. Chakacha, ngoma ya harusi za pwani, huenda kwa mapigo sita, mkono na mguu vikibishana bila kugombana. Aliyekulia kwenye harusi za Kibokoni analo hilo mwilini. Msomi wa noti za muziki aweza kulinakili pigo zima sawasawa, likatoka kavu kama ng'onda.

Ila mpe wa mtaani karatasi ya noti saa kumi kwa shoo ya saa moja usiku, umwone anavyotoka jasho! Buddy Rich, mpiga dramu maarufu wa jazi wa Marekani, hakusoma noti. Alisikiliza wimbo ukipigwa, kisha akaukamata. Wangapi wana kichwa hicho?

Mshiko wa fimbo nao: mwalimu huurekebisha mapema, anayejifunza peke yake hushtuka kifundo cha mkono kikishauma.

Kwa harusi, mimi ningechukua sikio. Kwa studio au bendi inayobadilisha nyimbo kila wiki, noti. Na kijana mwenye mfuko mwepesi alipie masomo machache ya mshiko tu, mengine ayaokote jukwaani.