Kadi ya grafiki na ubao wa soketi mbili: sloti hii ni ya prosesa ipi?

Ndugu watazamaji, hamjambo. Ubao mama mnaouona hapa mezani una soketi mbili za prosesa za Intel za familia ya Xeon E5-2600 na sloti saba za PCI Express, yaani mfumo wa kuunganisha kadi na prosesa, na leo nitauchambua kwa kuanzia kwenye ukurasa mmoja wa kijitabu chake ambao wanunuzi wengi huupita bila kuutazama. Ni ukurasa wenye mchoro wa visanduku na mistari, unaoonyesha kila sloti imefungwa kwenye soketi ipi. Sitaitaja kampuni iliyoutengeneza, kwa kuwa ninayoyaeleza yanahusu mbao zote za aina hii.

Nilijifunza kuuheshimu ukurasa huo kwa taabu. Kompyuta yangu ya kwanza ya soketi mbili niliianza na prosesa moja, nikitarajia kuongeza ya pili baadaye, kisha nikachomeka kadi ya grafiki kwenye sloti iliyokuwa na nafasi kubwa ya kupitisha hewa. Kadi haikuonekana kabisa. Nilibadilisha kebo za umeme, nikaazima kadi nyingine, nikapoteza siku mbili nzima, kumbe sloti ile ilikuwa mali ya soketi ya pili, na soketi ya pili ilikuwa tupu. Hakuna kitu kilichokuwa kimeharibika. Sloti ilikuwa haina prosesa ya kuzungumza nayo.

Chanzo chake ni mabadiliko ya muundo. Katika kompyuta za Xeon za kizazi kilichotangulia, njia za PCI Express, yaani mikondo ya kupitishia data kati ya kadi na prosesa, zilitoka kwenye chipu iliyokaa kando juu ya ubao. Mwaka 2012, Intel ilipotoa Xeon E5-2600, njia hizo zilihamia ndani ya prosesa yenyewe, njia 40 za kizazi cha tatu kwa kila soketi. Ndiyo maana tangazo la ubao kama huu husema una njia 80, na hesabu hiyo ni ya kweli, lakini njia hizo si fungu moja. Ni mafungu mawili ya 40, na soketi moja haiwezi kuiazima nyingine hata njia moja.

Kadi ya grafiki ya kawaida hutaka njia 16. Prosesa yenye njia 40 hulisha kadi mbili kwa ukamilifu, zikabaki njia 8. Kwenye ubao huu, soketi ya pili inamiliki sloti tatu za chini, mbili zikiwa na njia 16 na moja njia 8, ilhali soketi ya kwanza inamiliki sloti nne za juu, moja ya njia 16 na tatu za njia 8. Zote saba zina urefu uleule! Mtu akizitazama kwa macho atadhani zinalingana, kwa hiyo msiuamini urefu wa sloti. Someni namba iliyochapishwa pembeni yake. Hapa nawasifu waliouchora ubao huu, kwa sababu wameandika namba ya soketi na idadi ya njia kando ya kila sloti, kwa maandishi yanayosomeka.

Sasa tuifuate safari ya data. Tuseme programu inaendeshwa na prosesa ya kwanza, data yake imo katika kumbukumbu iliyo karibu na prosesa hiyo, lakini kadi imekaa kwenye sloti ya soketi ya pili. Data itatoka kwenye kumbukumbu, ivuke daraja linalounganisha prosesa mbili, ndipo ishuke kwenye njia za PCI Express hadi kwenye kadi. Daraja hilo katika ubao huu huitwa QPI. Katika Xeon za kuanzia mwaka 2017 ni UPI, na kwa EPYC, prosesa za seva za kampuni ya AMD, ni Infinity Fabric. Kuvuka kunaongeza muda wa kungoja, na zaidi ya hapo daraja hilo linatumiwa na shughuli nyingine zote za soketi hizo mbili.

Je, madhara yake ni makubwa? Inategemea kazi. Kama data yote hupakiwa mara moja kwenye kumbukumbu ya kadi na kazi ikaendelea humohumo kwa saa nyingi, hamtaona tofauti ya maana, na sioni sababu ya kujisumbua. Lakini kama kadi hulishwa mfululizo, kwa mfano picha zinazotiririka wakati wa kufunza modeli ya akili bandia, tofauti hujitokeza. Njia 16 za kizazi cha tatu hupitisha takribani gigabaiti 16 kwa sekunde kila upande, na kadi mbili au tatu zikilivuka daraja kwa pamoja, foleni huanza pale.

Ugumu huongezeka kadi zinapotakiwa kuzungumza zenyewe kwa zenyewe. Ndiyo maana kompyuta ya DGX-1 ya NVIDIA ya mwaka 2016, yenye Xeon mbili na kadi nane za Tesla P100, iliziunganisha kadi hizo kwa NVLink, kiungo cha moja kwa moja kati ya kadi, ili data isilazimike kupitia kwenye prosesa.

Kwa mwenye kadi za NVIDIA, amri ya nvidia-smi topo -m humwonyesha jedwali la ujirani wa kadi. PIX ni ukaribu mkubwa, kadi zikitenganishwa na daraja moja tu la PCI Express, si lile la kati ya prosesa; PHB maana yake data hupita ndani ya prosesa; SYS maana yake inavuka kwenda soketi nyingine. Mkiona SYS kati ya kadi mbili zinazofanya kazi moja, zihamisheni.

Kwenye Linux, programu inaweza kufungwa upande wa kadi yake, yaani kulazimishwa kutumia prosesa na kumbukumbu za upande huo, kwa amri ya numactl --cpunodebind=1 --membind=1 (hesabu huanzia 0, kwa hiyo 1 hapa ni upande wa pili). Ifungeni kabla haijaanza, kwa sababu kwa kawaida Linux huweka data katika kumbukumbu ya upande ule uliokuwa wa kwanza kuigusa. Na hakikisheni soketi zote mbili zimewekewa vibao vya kumbukumbu. Nimeona kompyuta ambazo vyote vilirundikwa upande mmoja, na hapo kila kinachokwenda kwenye kadi za upande wa pili hakina budi kuvuka.

Uamuzi wangu juu ya ubao huu: unamfaa anayehitaji kumbukumbu nyingi na kadi mbili au tatu, mradi anunue prosesa zote mbili siku hiyohiyo. Anayetafuta njia nyingi za kadi pekee atazame EPYC ya soketi moja, ambayo tangu mwaka 2017 hutoa njia 128 kutoka prosesa moja. EPYC mbili za kizazi hicho cha kwanza nazo zilitoa 128 zilezile, kwa kuwa kila prosesa ilitumia njia 64 kuunganishwa na mwenzake.