TAHADHARI: Kipindi cha "maswali ya milioni" kinachosemwa kinakuja Lubumbashi ni wizi. Angalieni beji namba 047

Kama umetumiwa kwa WhatsApp beji ya mshiriki yenye namba 047, usitume tena hata falanga moja. Mimi ninayo hiyo 047. Mama mmoja wa Likasi anayo. Kijana mmoja wa Kipushi anayo. Sote ni mshiriki namba 047 wa kipindi ambacho hakipo.

Naandika haya kwa aibu. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Katuba, Lubumbashi, nafundisha historia na jiografia, na nimeibiwa kwa maswali ya historia na jiografia. Wanafunzi wangu wakisoma hapa, basi wasome. Afadhali wanicheke kuliko baba zao kulia.

Ilianza Jumanne jioni. Kwenye kikundi cha wazazi wa shule iliingia picha: kiti kirefu katikati, taa za buluu, watazamaji gizani. Rangi zilikuwa zile zile za kipindi cha Wafaransa tulichokuwa tukienda kukitazama kwa jirani mwenye dishi, "Qui veut gagner des millions?", kilichotangazwa na Jean-Pierre Foucault kwenye TF1, televisheni ya Ufaransa. Chini waliandika kwamba huu ni msimu maalum wa Congo, mchujo unafanyika Lubumbashi, zawadi ya juu dola 100,000, na maswali matano ya kwanza yanajibiwa kwa simu. Aliyeileta kikundini ni mzazi ninayemheshimu, naye aliipata kwa shemeji yake. Simlaumu. Siku ile naye alikuwa ameshalipa.

Nikaandikia ile namba. Hazikupita dakika mbili, ikaja sauti ya mwanaume, Kifaransa safi cha redio, na nyuma yake ule muziki unaodunda kama moyo. "Bwana mshiriki, karibu kitini." Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya nyumba, umeme umekatika, na nawaambia kweli, niliketi vizuri zaidi.

Swali la kwanza: zamani Lubumbashi iliitwaje? Jadotville, Élisabethville, Coquilhatville au Albertville? Somo hilo nalitoa kila mwaka, pamoja na Likasi, Mbandaka na Kalemie ambazo ndizo zenye hayo majina mengine matatu. La pili: TP Mazembe ilicheza fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu mwaka gani? Nani hapa mjini hajui 2010? Hata mtoto aliyezaliwa baadaye ameonyeshwa golikipa wao Kidiaba akirukaruka kwa makalio. La tatu lilikuwa alama ya shaba katika kemia, wakati sisi tumezaliwa juu ya shaba yenyewe. La nne, nchi yetu ilianza kuitwa Zaire mwaka gani: 1971. La tano, mto Congo huitwaje huku juu kabla ya kufika Kisangani: Lualaba. Kila mara ile sauti iliniuliza kama hilo ndilo jibu langu la mwisho, nami najibu kwa kishindo, ndilo! Pesa zinapanda: dola 100, 200, 500, 1,000, 2,000. Na makofi.

Hapo kwenye makofi ndipo nataka mpaangalie vizuri, kwa sababu ndiyo chambo yenyewe. Nimefundisha miaka 19 na hakuna aliyewahi kunipigia makofi kwa kuijua Lualaba. Mishahara yetu mnaijua. Mtu anapokuja kukuambia usiku, kwa sauti nzuri, kwamba yale unayoyajua yana bei, na bei yake ni dola 2,000, unataka kumwamini kuliko unavyotaka hizo pesa. Maswali yale yalichaguliwa ili kila mtu wa hapa ayapate.

Baadaye akauliza: "Unaacha au unaendelea?" Niliona ni swali la heshima, kama kwenye televisheni. Sasa najua kwamba njia zote mbili zinapita kwenye mfuko wako. Mwenzangu mmoja aliacha, akaambiwa dola zake 2,000 ziko tayari ila alipe kwanza dola 60 za kodi. Mimi niliendelea, nikaambiwa nilipe dola 10 za kufungua faili na 40 za dhamana, ambazo "zitarudishwa studio". Kisha 15 za kununua msaada wa kumpigia rafiki. Kisha 75 za "bima ya ngazi", ili nikikosa swali la sita nisianguke chini ya dola 2,000. Jumla ni dola 140. Na kila malipo yalikuja na saa: una dakika kumi, tisa, nane, nafasi yako itapewa mwingine.

Kwenye kabini, kile kibanda cha kutuma pesa kwa simu, binti anayekaa pale aliiangalia namba, akaniangalia mimi.

"Papa, batu batatu bamekwisha kutuma feza kwa ile namba leo. Unamuyua?"

Nikamwambia, mwanangu, wewe tuma tu, ni mambo ya televisheni. Akatuma. Nimerudi kwake baadaye kumwomba radhi. Nusu ya tahadhari hii ni yake, mimi naiandika tu.

Zile 75 hazikuwa zangu. Zilikuwa likelemba ya mama watoto, yaani mchango wa kupokezana, zamu yake iliyongojewa tangu mwaka kuanza, ya kununua magunia ya unga ili auze pale barazani. Nilipomweleza, alinyamaza kidogo, akauliza: "Na kwa zile 75 hukuulizwa hata swali moja?" Hakika sikuulizwa.

Sasa niseme kile ambacho ningepaswa kukumbuka usiku ule, maana kipindi chenyewe nilikipenda na nilikijua. Kilianza Uingereza kwa jina "Who Wants to Be a Millionaire?" tarehe 4 Septemba 1998, mtangazaji akiwa Chris Tarrant, maswali 15 hadi pauni milioni moja. Ufaransa na India vikafuata mwaka 2000, na huko India alikaa Amitabh Bachchan mwenyewe. Nchi ni nyingi, lakini kanuni ni ile ile: mshiriki anaingia mikono mitupu. Pesa anayoihatarisha ni ile aliyoipata pale pale kitini, si ya nyumbani kwake. Katika mchezo wa mwanzo wa Uingereza, aliyefika pauni 500,000 akakosa swali la mwisho alianguka hadi pauni 32,000. Uchungu upo, ndiyo, lakini amekuja bila kitu na anaondoka na 32,000. Ile ngazi ya kukukinga usianguke ilikuwa sehemu ya mchezo, haikununuliwa. Misaada nayo ni hivyo hivyo: kuondoa majibu mawili, kuuliza watazamaji, kumpigia rafiki, hakuna inayolipiwa. Mmarekani John Carpenter, Novemba 1999, alitumia simu yake kwenye swali la mwisho kumpigia baba yake, si kuomba msaada bali kumwambia kwamba anakwenda kushinda milioni. Alishinda. Mimi nililipa dola 15 kwa simu ambayo sikuipiga.

Na ile saa! Mshiriki akishaketi kitini katika mchezo wa mwanzo, hakuna aliyemkimbiza. Aliweza kufikiri mpaka mtangazaji mwenyewe achoke. Saa ilikuwa kwenye ile simu ya rafiki, sekunde 30. Huyu wa kwetu hakunipa saa nikijibu, alinipa saa nikilipa.

Najua kuna atakayesema: lakini hata kule watu walilipa ili waingie. Ni kweli kidogo. Uingereza walioomba nafasi walipiga simu kwenye namba za bei ya juu, na kipindi kilipata pesa nyingi kwa njia hiyo. Lakini hiyo ni gharama ya simu, kabla hujachaguliwa. Aliyechaguliwa hakudaiwa dhamana, wala bima, wala kodi ya kulipa kabla hajaona pesa. Kodi, pale inapodaiwa, inalipwa kwa serikali, si kwa namba ya simu ya mtu.

Wenye kipindi ndio huwa wanaogopa kuibiwa na mshiriki. Mwaka 2001 meja mmoja wa jeshi la Uingereza, Charles Ingram, alishinda milioni huku mwenzake akikohoa jibu sahihi linapotajwa. Hundi ilizuiwa, na mwaka 2003 mahakama ikawatia hatiani. Hivyo ndivyo wanavyolinda pesa yao. Ukiona kipindi kinachoomba pesa yako ndiyo ilindwe, geuka.

Ujanja huu wala si wa hapa. India, jina la kipindi chao limetumiwa kwa miaka na watapeli wa WhatsApp: unapata ujumbe wa sauti kwamba umeshinda rupia laki 25, piga kwa meneja fulani, lipa ada kwanza. Polisi kule wametoa onyo mara nyingi. Wa kwetu wameongeza maswali tu, ili uone umeshinda kwa akili yako.

Nirudi kwenye ile Jumamosi. Tuliambiwa tufike saa tatu asubuhi kwenye hoteli moja ya mjini (hoteli haina kosa, siitaji), tuvae vizuri, rangi nyeupe isivaliwe kwa sababu ya kamera. Nilivaa koti la harusi ya mdogo wangu. Getini nikakuta watu tisa, wote wamependeza, wote wana bahasha au simu mkononi, na kila mmoja anamtazama mwenzake kama mpinzani. Tukasalimiana kwa baridi. Yule mama wa Likasi alikuwa ametoka kwao alfajiri, viatu vya kisigino ameviweka kwenye mfuko, akavivalia pale pale ukutani. Ndiye aliyeniomba nimsaidie kuikuza picha ya beji yake kwenye simu kwa sababu macho hayaoni karibu. Nikaikuza. 047. Nikatoa yangu. Kijana wa Kipushi akachungulia, akatoa yake bila kusema neno.

Walikuwa wanabadilisha jina na picha tu. Namba hawakujisumbua. Hata kosa la maandishi ni moja: neno "candidat" limekosa "n" ya kwanza, "cadidat". Mwalimu mzima sikuliona siku nne.

Mlinzi wa hoteli alitoka akatuambia kwa huruma: "Bapapa, bamama, hapa hakuna televisheni. Hata juma iliyopita balikuya bengine, na bo na makoti." Tukapiga ile namba, sote kwa pamoja. Iliita kwangu mara moja, kisha ikafungwa. Kwa wengine haikuita kabisa.

Nimefika polisi na kwenye kampuni ya simu. Polisi nilikuta namba imesajiliwa kwa jina la kikongwe ambaye, kwa walivyoniambia, hajui hata WhatsApp ni nini. Kampuni waliniambia kwamba kama ningewapigia kabla pesa haijatolewa, labda wangeizuia. Nilichelewa siku tatu. Kwa hiyo wewe uliyetuma leo, usikae kuona aibu kama mimi. Piga sasa hivi, na usifute mazungumzo. Wengi pale getini walikuwa wamefuta kila kitu kwa hasira, hata zile sauti, na bila hizo hawana cha kuonyesha ila maneno yao.

Na kuna jambo la pili, jipya, ambalo ndilo limenifanya niandike leo badala ya kungoja. Jana nimepigiwa na mtu anayejiita wa upelelezi. Anajua jina langu, anajua nilituma 140, anajua mpaka ile 15 ya simu. Amesema wamewakamata, pesa zetu zipo, ila kila mwathirika atoe dola 25 za faili ili arudishiwe. Mama wa Likasi naye kapigiwa, na alikuwa ameshaziweka 25 tayari mezani. Fikirini wenyewe: nani mwingine anayejua hesabu yangu mpaka dola 15, kama si aliyezipokea?

Sauti haikuwa ile ya Kifaransa cha redio. Huyu aliongea Kiswahili cha hapa hapa, vizuri tu, akaniita "Mwalimu". Alipoona nasita, akaniambia nina mpaka saa kumi na moja jioni.

Mwenye beji ya 047, au namba nyingine yoyote ya kipindi hicho, aniandikie faraghani. Mpaka sasa tumefika watu 14. Jumatatu saa mbili asubuhi tunakwenda kushitaki pamoja, tunakutana mbele ya soko la mtaa wa Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Njooni na simu zenyewe, si picha za kuchapisha, na karatasi za kabini kama bado mnazo. Binti wa kabini amekubali kuja kueleza alichokiona.