Tathmini ya huduma ya kuandikiwa wosia katika ofisi moja ya wakili mjini Mombasa

Mwezi Machi tulimpeleka baba, mwenye umri wa miaka 78, katika ofisi ya wakili mjini Mombasa ili aandikiwe wosia. Tulilipa shilingi 15,000, na baada ya siku sita tukaitwa kuisoma rasimu. Mapokezi yalikuwa mazuri: wakili alizungumza na baba peke yake kwa muda wa saa nzima, sisi watoto tukisubiri nje, kisha akamwagiza alete barua ya daktari. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, humhesabu mwenye kuusia kuwa na akili timamu hadi anayepinga athibitishe vinginevyo. Hata hivyo, barua ya daktari na yale mazungumzo ya faragha humwondolea mpinzani hoja ya kwamba mzee alilazimishwa au hakujitambua.

Rasimu ndiyo iliyonitia wasiwasi. Aya ya 3 ilisema, "Nampa mke wangu nyumba yangu ya Voi." Baba ana nyumba mbili Voi: ile tunayoishi na ile ya vyumba vya kupangisha. Nilipomuuliza, alinijibu, "Mwanangu, nani asiyeijua nyumba ya mama yenu?" Sisi tunaijua, lakini jaji hataijua, na siku hiyo baba hatakuwepo aulizwe. Mahakama huanza na maneno yaliyoandikwa, ikitafuta nia ya marehemu humo humo. Maneno yakionekana wazi lakini yakagusa vitu viwili, hukubali ushahidi wa nje ili kujua ni kipi kilichokusudiwa, na hapo ndipo watoto wa tumbo moja husimama kizimbani kupingana. Pengo likiwa kwenye maandishi yenyewe, kwa mfano jina la mpewa likiachwa wazi, ushahidi wa nje haukubaliwi kulijaza.

Aya ya 9 ilikuwa mbaya zaidi: "Mali yangu yote igawanywe sawa kwa watoto wangu wote." Mahakama huusoma wosia mzima kwa pamoja na hujitahidi kupatanisha aya zake, kwa hiyo huenda jaji angesema kwamba "yote" hapo ni mali iliyobaki. Lakini aya mbili zisipoweza kabisa kusimama pamoja, ya mwisho ndiyo hushika. Mama angeweza kuishi miaka kadhaa akisubiri uamuzi juu ya nyumba anayolala, kwa sababu tu ya neno moja lililokosekana.

Siku ya kutia saini, karani alimwita kaka yangu awe shahidi wa pili, na kaka alikuwa ameshaishika kalamu nilipomzuia. Wosia ulimpa kaka shamba la Wundanyi, na kwa kifungu cha 13 zawadi ya shahidi, au ya mume au mke wa shahidi, hubatilika isipokuwa wawepo mashahidi wengine wawili wasio na maslahi. Wosia ungebaki halali, ila kaka angelikosa shamba alilolilima tangu ujana wake. Kosa la namna hii halipaswi kutokea katika ofisi inayolipwa kwa kazi hiyo.

Wakili alilipokea lawama bila ubishi, akaandika upya kwa siku mbili bila malipo ya ziada. Sasa kila kiwanja kina namba yake ya hati, aya ya 9 inataja "mali iliyobaki", na imeongezwa sentensi inayoeleza kwamba dada yetu amepewa kidogo kwa kuwa baba alishampa kiwanja alipoolewa. Sentensi hiyo ina uzito, maana kifungu cha 26 kinairuhusu mahakama kumtengea fungu mtegemezi ambaye hakutengewa cha kutosha, na zawadi ambazo marehemu alimpa mtegemezi huyo alipokuwa hai ni miongoni mwa mambo inayoyapima.

Ningewashauri wengine waende kwa wakili huyo, kwa sharti kwamba rasimu isomwe nyumbani, polepole, na mtu asiyeijua mali hiyo. Sisi tulimpa jirani. Yeye na mwalimu mmoja mstaafu ndio waliotia saini mbele ya baba. Nakala moja iko kwa wakili, na nyingine mama ameifungia sandukuni pamoja na hati za viwanja.